Ski-Doo ya 1970: shajara ya kuirudisha ilivyotoka kiwandani

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Leo tumeitoa bandani. Ilihitaji watu wanne, mbao mbili na kamba, maana mkanda wake wa mpira ulikuwa umeshikana na sakafu ya udongo na skii ya kulia imelaliwa na rundo la kuni. Ni Ski-Doo Olympique 335 ya mwaka 1970, pikipiki ya theluji. Kwa asiyewahi kuiona: mbele ina skii mbili za chuma mahali pa gurudumu, nyuma ina mkanda mmoja mpana wa mpira unaozunguka kama minyororo ya kifaru cha vita, na dereva anakaa katikati kama yuko juu ya bodaboda. Injini ni Rotax ya silinda moja, mipigo miwili, ile ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli.

Mwenyewe ni mzee jirani yetu hapa nje kidogo ya Sherbrooke, Quebec. Ana miaka themanini na kitu. Aliinunua mpya akiwa kijana, akaitumia miaka kumi na minane kuingia msituni kugema ile miti ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Wanaigema mwishoni mwa baridi kama watu wa pwani wanavyogema mnazi, kisha utomvu unachemshwa mpaka unakuwa sharubati nzito. Mashine hii ndiyo iliyovuta madumu. Majira ya baridi ya 1988 injini ilikufa akiwa kwenye mwinuko. Akaivuta hadi bandani, akaifunika turubai, ikabaki hapo.

Nilipomwomba aniuzie, alikataa pesa. Akasema, "Kijana, ukiitengeneza ikawa kama siku niliyoitoa kiwandani Valcourt, ni yako. Ukitaka kuifanya kitu kingine, iache ilipo." Nikamwambia, "Nimekubali, mzee." Tukapeana mikono.

Mimi ufundi nimeujulia mwaloni Kibirizi, Kigoma, kwa mjomba wangu, kwenye injini za boti. Pale fundi hodari ni yule anayeiwasha injini kwa alichonacho. Gasketi anaikata kwenye boksi la biskuti, pini anaichonga kutoka msumari wa nchi sita, maana abiria wameshakaa botini na ziwa linaanza kuchafuka. Ufundi ule siudharau hata siku moja. Lakini mradi huu unadai kinyume chake. Kila kitu kirudi kilivyokuwa, hata pale ninapojua njia fupi, hata pale kilipo kifaa cha kisasa kinachofanya kazi vizuri zaidi. Orijino kwa maana yake kamili. Naandika shajara hii ili mkono wangu usirudie mazoea yake.

Hali yake leo: boneti ya fibagilasi imepauka ila haina ufa mkubwa. Kiti kimefumuka mshono wa nyuma. Kamba ya kuwashia haivutiki hata sentimita moja, yaani pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda. Petroli tenkini imegeuka gundi ya kahawia, na panya wamezaa ndani ya kifuniko cha feni. Lakini nilipofungua kizibo cha kasha la mnyororo nilikuta oili bado imo, nyeusi, bila maji, na meno ya sproketi yanang'aa. Nikaikumbuka Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha ziwani Julai 1916, mafundi wake walizipaka injini grisi nzito kwanza, na Waingereza walipoiibua mwaka 1924 zilikuwa bado zinafaa. Kigoma hadithi hiyo tumekua nayo.

Jumapili, 13 Oktoba

Wiki nzima kazi ilikuwa kalamu na kamera ya simu. Kila bolti naipiga picha ikiwa mahali pake, naitia kwenye mfuko wa nailoni wenye namba, na namba naiandika kwenye nakala ya kitabu cha vipuri cha mwaka 1970. Kazi hii inachosha kuliko kunyanyua injini, ila ndiyo inayotenganisha urejeshaji na matengenezo. Baada ya miezi mitatu hakuna kichwa kitakachokumbuka ni washa ipi ilikaa chini ya nati ipi.

Nilipong'oa kishikio cha tenki nilikuta kipande cha rangi ya njano, ukubwa wa stempu, ambacho jua halijakiona kwa miaka hamsini na nne. Bodi yote nje imegeuka rangi ya jani kavu la mgomba. Hapa pana njano iliyoiva, kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nimebandika utepe wa karatasi juu yake nisije nikapitisha msasa. Huyo ndiye shahidi wangu wa rangi.

Na nimeanza kuiona mikono ya mzee. Fimbo ya usukani ya kushoto ni nondo iliyochomelewa, ikasuguliwa kwa tupa mpaka ikafanana na mwenzake. Ekseli ya magurudumu madogo ya nyuma, yale yanayouchukua mkanda, imetokana na jino la reki ya nyasi. Kishikio cha eksozi ni kipande cha plau. Nimehesabu marekebisho kumi na moja ya namna hiyo, yote kazi safi, kingo zimelainishwa, hakuna pengo. Huyu ni fundi mwenzangu kabisa. Na yote kumi na moja hayamo kwenye kitabu.

Jumatano, 23 Oktoba

Pistoni imeachia.

Nilichanganya dizeli na oili ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, nikamimina kupitia tundu la plagi, na kila jioni kabla ya zamu ya usiku nikawa naongeza. Leo nikavua kichwa cha silinda, nikaweka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni, nikaanza kugonga kwa nyundo ya mpira. Unagonga mara mbili, unapumzika, unageuza krenki kwa spana nyuma na mbele bila kuilazimisha. Kwenye pigo la saba au la nane sauti ikabadilika, kutoka ya jiwe ikawa ya debe, na pistoni ikashuka milimita mbili. Nikakaa chini kwanza.

Sikutaka kuendelea kubomoa kabla sijajua iliuawa na nini, kwa sababu injini haikwami bure. Kwenye mipigo miwili, chumba cha krenki ndicho pampu. Pistoni ikipanda inavuta hewa na petroli ziingie chini yake, ikishuka inausukuma mchanganyiko huo juu kupitia matundu ya silinda. Chumba hicho kikivuja, hata kwa tundu la sindano, hewa ya ziada inaingia na petroli inazidiwa. Na kwa kuwa oili imo humo humo kwenye petroli, nayo inapungua. Joto linapanda, pistoni inavimba, inang'ang'ania. Fundi asiyetafuta chanzo atafunga pistoni mpya, na baada ya wiki chache itakwama tena pale pale.

Kwa hiyo nilirudisha kichwa na plagi, nikaziba mlango wa eksozi na wa karbureta kwa vipande vya tairi vilivyobanwa na vibamba, nikaunga pampu ya baiskeli pamoja na geji kwenye tundu dogo linalopeleka msukumo kwenye karbureta. Paundi 6 tu, maana ukizidisha unaweza kuzisukuma sili zenyewe zitoke. Mshale ulifika sifuri kabla sijahesabu ishirini. Nikapaka povu la sabuni kama fundi baiskeli anayetafuta pancha. Upande wa puli, kimya. Upande wa magineti, nyuma ya gurudumu la feni, povu likaanza kutoa viputo vidogo, kimoja nyuma ya kingine, vimefuatana kama shanga kwenye uzi.

Sili ya krenki. Kipete cha mpira cha bei ya chakula cha mchana kimeilaza mashine miaka thelathini na sita.

Nilimpigia mzee simu usiku huo huo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Miaka yote nilidhani ni mimi niliyekosea kipimo cha oili." Nikamwambia, hapana mzee, kosa halikuwa lako. Akaniomba nimrudie kumweleza, nikamweleza tena, taratibu, tangu mwanzo.

Jumamosi, 9 Novemba

Silinda hii kiwandani ina kipenyo cha milimita 78 na mwendo wa milimita 70. Piga hesabu utapata sentimita za ujazo 334 na nusu, ndiyo hiyo 335 iliyoandikwa ubavuni. Ilikuwa na mikwaruzo miwili upande wa eksozi ambayo ukucha unaikamata, kwa hiyo ilikwenda kukerezwa kwa ovasaizi ya kwanza, yaani kupanuliwa kidogo iingie pistoni kubwa zaidi. Nililiwaza sana hilo. Je, silinda iliyokerezwa bado ni orijino? Nimejijibu kwamba ni orijino, kwa sababu bloku ni ile ile iliyotoka nayo, na kukereza ndiyo njia ambayo waliotengeneza injini za namna hii walitegemea itumike zikichakaa. Ningefunga silinda ya injini nyingine, hapo ningekuwa nimevunja ahadi.

Pistoni ya kwanza iliyoletwa na muuzaji ilikuwa ya injini nyingine, pini yake nyembamba kuliko yetu. Wiki mbili zimepotea na gharama ya posta juu. Kuanzia sasa naomba picha yenye rula kabla ya kulipa.

Ringi nilizifunga leo asubuhi. Ringi za mipigo miwili haziachwi zizunguke. Ndani ya mfereji wa pistoni kuna kipini kidogo kama punje ya mchele, na ncha mbili za ringi lazima zikikumbatie, ili zisielekee kwenye matundu ya silinda. Ncha ikichungulia tundu, inanaswa, inakatika, na silinda mpya inachanika kabla mashine haijatoka uani. Nilipokuwa nikiishusha silinda, ringi ya juu iliteleza nusu milimita juu ya kipini chake. Nilihisi kizuizi kidogo tu viganjani, wala si sauti. Nikaacha kusukuma, nikainua, nikatazama kwa tochi. Imepona. Nikaipaka oili upya, nikaishusha nikiwa nimeibana kwa vidole, mwanangu mkubwa ameshika pistoni kwa mikono miwili na amebana pumzi kama anapiga mbizi.

Krenki ina beringi mpya na sili mpya pande zote mbili. Pampu ya baiskeli tena, paundi 6, dakika kumi, mshale haujatikisika.

Kuhusu moto: wengi wanaojua mashine hizi wananishauri nitupe platini, vile vidole vya chuma vinavyokutana na kuachana ili plagi itoe cheche, nifunge mfumo wa elektroniki, nisisumbuke tena. Nawaelewa, na kwenye boti ya abiria ningefanya hivyo leo hii. Hapa platini za Bosch zinabaki. Nimezisugua kwa karatasi laini, nimebadilisha kondensa, mwanya wake unatakiwa uwe kati ya milimita 0.35 na 0.45, nami nimeuweka 0.40. Tukazima taa ya gereji, nikavuta kamba. Cheche ya bluu.

Jumapili, 24 Novemba

Tumekwenda Valcourt, familia nzima pamoja na mzee. Ni chini ya saa moja kwa gari kutoka kwetu. Nilitaka kuiangalia rangi na stika kwenye mashine zilizotunzwa katika jumba la makumbusho la J. Armand Bombardier, nizipime na picha zangu. Hilo nimelifanya, na daftari limejaa. Lakini nimerudi na jambo jingine.

Joseph-Armand Bombardier, aliyeibuni Ski-Doo, alizaliwa karibu na hapo mwaka 1907. Akiwa na miaka kumi na mitano alifunga injini ya Ford na panga la mti kama la ndege juu ya sleji, akaiendesha kijijini kwao, na baba yake akamwamuru aivunje. Mwaka 1926, ana miaka kumi na tisa, alifungua gereji. Barabara za Quebec wakati huo hazikuwa zikifagiliwa theluji, na kijiji kilikuwa kinafungwa majira yote ya baridi. Mwaka 1934 mwanawe mdogo, Yvon, wa miaka miwili, aliugua tumbo na alihitaji kupasuliwa. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, kama kilomita 50. Hakukuwa na chombo cha kupita. Mtoto akafa.

Nilisimama pale muda mrefu. Mke wangu alinitazama akajua ninachowaza. Vijiji vya kusini mwa Kigoma, kando ya ziwa, mama mjamzito akizidiwa usiku njia ni maji. Nimewahi kuamshwa saa nane za usiku na mjomba, tukashika koroboi na spana, tukaiwasha injini ya boti ambayo mchana tulikuwa tumeikatia tamaa, kwa sababu mama yuko juu ya godoro ufukweni. Yule alifika. Si wote waliofika. Kwa hiyo simwoni Bombardier kama mgunduzi wa kwenye picha, namwona kama mtu wa kwetu. Baada ya msiba aliendelea na majaribio, akapata ile sproketi iliyovikwa mpira na mkanda wake, na mwaka 1937 akapewa hataza. Akaanza kuuza mabasi ya theluji ya watu saba, B7, kisha B12 ya watu kumi na wawili, yakabeba wagonjwa, posta na watoto wa shule.

Mashine ndogo ilikuja baadaye. Ilisubiri injini nyepesi na mkanda wa mpira wa kipande kimoja, na Ski-Doo ya kwanza ikatoka mwaka 1959. Moja ya mwanzo kabisa alipelekewa mmisionari rafiki yake, padre Maurice Ouimet, huko Lansdowne House kaskazini mwa Ontario, aweze kuwafikia waumini wake bila mbwa wa kuvuta sleji. Bombardier alifariki mwaka 1964, kabla hajaona ukubwa wa kilichofuata. Miaka minne baadaye, tarehe 19 Aprili 1968, Ralph Plaisted, wakala wa bima kutoka Minnesota, alifika Ncha ya Kaskazini na wenzake juu ya Ski-Doo. Mzee anasema habari ile ndiyo iliyomfanya aanze kuweka akiba.

Kwenye gari wakati wa kurudi mzee alituonyesha barabara aliyopita na mashine yake mpya nyuma ya lori la shemeji yake. Alikumbuka hata kwamba ilikuwa imefungwa kwa kamba za katani.

Jumamosi, 14 Desemba

Karbureta.

Hii ni Tillotson, na haina boya kama karbureta ya bodaboda. Ina viwambo viwili, vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Chumba cha krenki kinapopumua, pumzi ile inapita kwenye kimrija na kukipiga kiwambo cha kwanza ndani na nje, nacho kinavuta petroli kutoka tenkini. Cha pili kinasikia mvuto wa injini na kukiinua kijiti kinachofungua sindano. Sababu ya mpango huo utaielewa ukiwa porini: mashine inapanda kingo, inalala ubavu, inadunda. Boya lingetikisika na petroli ingemwagika au kukatika. Kiwambo hakijali kimelazwa upande gani.

Nilipofungua skrubu sita za chini, kiwambo kilikuja kizima mkononi, kigumu, kimejikunja kingo kama dagaa aliyeanikwa siku tatu. Nikikigonga kwa ukucha kinalia. Kilipaswa kulegea kama kitambaa kilicholowa. Mwili wa karbureta wenyewe haukuliwa. Nimeulaza kwenye dawa ya kusafishia usiku kucha, nikapuliza kila njia kwa hewa, na kwa tundu dogo kuliko yote nikatumia unywele wa brashi ya nailoni, si waya, maana waya unalipanua tundu na kipimo cha kiwanda kinapotea milele. Viwambo vipya, sindano mpya, skrubu zote mbili za kurekebishia zamu moja kutoka kwenye kufunga.

Hapa nimevunja sheria yangu mara moja na naiandika wazi. Mrija wa petroli niliofunga ni wa kisasa. Petroli ya siku hizi huwa na ethanoli, na ethanoli inaula mpira wa zamani taratibu kwa ndani. Mrija ukipasuka juu ya eksozi ya moto, mwenye kukaa juu yake anaungua. Nimeuchagua mweusi, upana ule ule, na vibano ni vya 1970. Petroli nitakayotumia ni isiyo na ethanoli hata hivyo.

Jumamosi, 28 Desemba

Rangi ya bodi imekosewa dukani. Tuliipima na kile kipande cha stempu kwenye mwanga wa taa ikaonekana sawa, tukaitoa nje mchana juu ya theluji ikawa limau. Theluji haifichi kitu. Nimepiga msasa bamba la majaribio na nimewarudishia mkebe. Safari hii nitasimama nao nje mlangoni mpaka ilingane.

Jumapili, 19 Januari 2025

Rangi imepatikana kwa jaribio la tatu. Praima koti mbili, njano koti tatu, na nimeipuliza gereji ikiwa na hita tangu alfajiri ili chuma chenyewe kiwe na joto. Boneti sikuipaka kitu. Njano yake imo ndani ya utando wa juu wa fibagilasi, kwa hiyo nilishuka nayo kwa msasa wa maji, namba 800, 1200, kisha 2000, nikamaliza kwa kompaundi na kitambaa cha flaneli. Kwenye kila kipande cha ukubwa wa sahani unaona ukungu mweupe unaondoka na njano inapanda kutoka chini. Siku tatu za jioni kwa boneti moja. Singezibadilisha na kazi nyingine yoyote ya mradi huu.

Kisha yale marekebisho kumi na moja. Nimezunguka vijiji viwili nikapata mashine mbili zilizokufa za mwaka ule ule, na kutoka kwao nimepata vipuri kumi vya kiwandani. Mzee alikuja, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na hita, nami nikawa nafungua kazi zake moja moja. Kwa kila moja alijua mwaka na mahali. Fimbo ya usukani, 1976, alipogonga kisiki chini ya theluji. Kishikio cha eksozi, 1981. Nilimuuliza kama inamuuma. Akasema, "Nilizifanya ili niweze kurudi nyumbani. Nilirudi." Nimezifunga zote kwa waya kwenye ubao, kila moja na karatasi yake, na ubao uko ukutani juu ya meza ya kazi.

Ya kumi na moja, ile ekseli ya jino la reki, sijaipata. Zote mbili nilizozikuta zimeliwa na kutu. Ningeweza kuikereza mpya kesho asubuhi na hakuna ambaye angegundua. Nimekataa. Itakuwa chuma cha 2025 kinachojifanya cha 1970, na hiyo kwangu ni feki, hata ikiwa imenyooka kuliko ya kiwandani. Ya mzee imebaki mahali pake, nimeisafisha, nimeipaka grisi, na kwenye daftari nimeandika ni nini na nani aliifanya. Orijino ikipatikana, itafungwa.

Mkanda umerudi pia. Ni ule ule wa zamani, mpira wake bado unakunjika bila kupasuka, na vile vibanzi vya chuma kwenye matundu ambamo meno ya sproketi yanaingia nimebadilisha sita tu. Chini ya skii nimefunga reli mpya, kwa kuwa zile zilitengenezwa ziliwe na barabara zibadilishwe, kama brekishu.

Jumamosi, 8 Februari

Nyuzi 11 chini ya sifuri, hakuna upepo, theluji imeshikana vizuri. Oili lita 1 kwa petroli lita 40, oili ya kisasa ya mipigo miwili. Choki ndani. Nilivuta kamba taratibu mara nne ili viwambo vivute petroli, nikauona mrija ukijaa, kisha nikavuta kwa nguvu. Ikakohoa. Ya pili, kimya. Ya tatu ikashika, moshi wa buluu ukajaa mlangoni, na ile sauti ya silinda moja kubwa ikaanza, si nyembamba kama ya Yamaha za kwetu ziwani, nzito, tok-tok-tok, unaihesabu. Nikatoa choki. Nikafungua skrubu ya chini robo zamu mpaka ikatulia.

Wanaojua skuta wataelewa inavyokwenda. Hakuna gia. Kuna puli mbili na belti, na kadiri injini inavyokimbia puli ya mbele inajibana na kuisukuma belti ipande, basi mashine inaondoka yenyewe. Nilizunguka uwanja mara tano polepole, kisha nikaizima ipoe, nikakaza kichwa cha silinda upya, nikatoa plagi kuisoma. Kahawia ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo rangi niliyoitaka. Ingekuwa nyeupe ningejua hewa inaingia tena mahali.

Mzee alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyumba yake na koti limefungwa hadi shingoni. Nikamwendea nikamwambia, "Karibu, mzee. Ni zamu yako." Akapanda mbele, mimi nyuma, na bila kuniuliza akaielekeza nje ya uwanja, kupitia pengo la uzio, kwenye njia inayokwenda msituni. Nilijua anakokwenda. Mwinuko wenyewe si mrefu, labda mita mia na hamsini, miti ya kugema pande zote mbili. Katikati pale injini ilipozimika mwaka 1988 alikaza mafuta kidogo. Sauti ikashuka nukta moja, belti ikajipanga, ikapanda. Juu alisimamisha, akaiacha ikinguruma, akavua glovu moja, akaweka kiganja juu ya boneti.

Tulirudi kwa njia ndefu. Kilomita 6 kwa jumla.

Yaliyobaki: kioo cha taa kina ufa na natafuta cha mwaka ule, stika ya ubavu wa kushoto imeinuka kona moja. Mnyororo umelegea kidogo baada ya safari ya leo, nausikia ukigusa kasha nikiachia mafuta. Jumamosi ijayo nafungua kifuniko. Mzee ameniuliza kama anaweza kuja kushika tochi.